Barabara ya Wasindikizaji

Sheria ya kwanza ya msafara wetu ni kwamba msindikizaji hamfuati mwendeshaji. Wenye pikipiki wanapita barabara ya zamani, ile yenye kona na makorongo, na sisi wenye magari yaliyojaa spana, matairi, madumu ya mafuta na soksi kavu tunapita barabara kuu. Asubuhi tunaagana, alasiri tunakutana. Hapo katikati pikipiki ikizimika, mwenyewe atajua la kufanya, kwa mikono yake na vile vifaa alivyojaza mifukoni. Msindikizaji akionekana kwenye barabara ya waendeshaji, hata kama kampelekea mumewe maji ya kunywa tu, alama za siku nzima zinafutwa. Nadhani aliyetunga sheria hiyo alikuwa na mke kama mimi, akataka apumue kidogo.

Mume wangu ni fundi wa cherehani, au alikuwa, mpaka wateja walipoanza kurudishiwa mashine zao huku skrubu zimebaki mezani. Wenzake wa msafara wanamwita Tukutuku, kwa ajili ya mlio wa pikipiki yake, ambayo ilitengenezwa kabla baba yake hajazaliwa. Haina stata, haina kioo, na breki zake ni za kumwomba Mungu. Aliikusanya kipande kwa kipande kwenye banda nyuma ya nyumba yetu, miaka ile ambayo wanaume wengine walikuwa wanajenga ghorofa. Mwanzoni nilipiga kelele. Baadaye nilichoka kupiga kelele, nikajifunza kushika spana, na tangu hapo mimi ndiye msindikizaji wake. Ananiita Meneja.

Mara mbili alishaingia kwenye msafara huu, na mara zote mbili alifika mwisho akiwa juu ya lori. Lori hilo linakuja nyuma ya wote, kuokota waliokwama. Tunaliita Mama Mkwe, kwa sababu kila mtu analiheshimu na hakuna anayetaka kukaa nalo karibu. Ukipandishwa Mama Mkwe hata kwa kipande kidogo cha njia, hukumaliza, na hakuna cha kujitetea. Mume wangu alitaka amalize mara moja katika maisha yake, aingie kwenye geti la mwisho kwa magurudumu yake mwenyewe.

Mimi nilitaka zaidi ya hapo. Nilitaka amalize akiwa bado anajua kwamba amemaliza, na kwa hilo muda ulikuwa unatubana. Mwaka mzima nilikuwa namwona. Anaingia jikoni, anasimama, anatazama mlango aliotoka. Ananiuliza kama kaka yake atakuja Jumapili, kaka ambaye tulimzika wote. Nikimkumbusha anapiga paji la uso, anacheka, ananitania kwamba nimezeeka, nasahau kwamba watu husahau. Nilikwenda kwa daktari peke yangu nikamweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, mlete. Sikumleta. Nilijua akishapewa jina la ugonjwa, hakuna atakayemruhusu tena kupanda kitu chenye magurudumu, na binti yetu angekuwa wa kwanza kuitafutia pikipiki mnunuzi. Nikasema acha kwanza msafara upite.

Sasa, injini za zama zile hazijilishi oili. Oili inakaa kwenye tangi lake dogo, na ubavuni mwa tangi kuna pampu ya mkono. Kila baada ya mwendo fulani mwendeshaji anaibonyeza mara moja. Akisahau, chuma kinasaga chuma mpaka injini inanoki, inakwama kabisa. Akizidisha, oili inafurika, moshi unatoka kama jiko la kuni mbichi, na plagi inajaa masizi. Hakuna taa ya kukukumbusha wala king'ora. Kila mtu ana namna yake ya kukumbuka. Wengine wanahesabu nguzo za simu. Mume wangu anaimba.

Alifundishwa hivyo na mzee aliyemuuzia fremu ya pikipiki: chagua wimbo mmoja, uimbe mpaka mwisho, ukiisha bonyeza pampu, kisha uanze upya. Wimbo aliuchagua ule alioutunga mwenyewe wakati ananitaka. Baba yangu alikuwa seremala. Katika ubeti wa kwanza kijana anakuja karakana kuagiza kigoda. Katika ubeti wa pili anarudi kuagiza kitanda. Katika wa tatu anamwambia seremala kwamba kigoda na kitanda vilikuwa visingizio tu, anachotaka ni binti yake. Kisha, bonyeza pampu. Miaka yote hiyo nimekuwa nikiolewa upya kila baada ya kilima na kilima, na injini ikipata oili yake kwa wakati.

Kila alasiri waendeshaji wakifika kwenye nyumba ya wageni, sisi wasindikizaji tunatandika maboksi chini ya pikipiki ili oili isichafue ua wa watu, kisha tunafungua plagi. Wake wengine wanamsoma mume usoni. Mimi wangu uso wake ni wa utani mtupu, kwa hiyo namsoma kwenye plagi. Ikiwa na rangi ya hudhurungi, mambo ni mazuri.

Siku tatu za mwanzo plagi ilitoka nyeusi, imelowa, inateleza mkononi. Alikuwa anabonyeza, anasahau kwamba amebonyeza, anabonyeza tena. Kila alipoingia uani moshi ulimtangulia, na waendeshaji wenzake wakajishika mbavu.

"Tukutuku, msafara huu hauna mbu!" akamtania rafiki yake mkubwa, mwanamume mwenye ndevu mpaka kifuani ambaye kila mtu anamwita Ndevu. "Unamfukizia nani?"

"Nawafukuza nyinyi mlio nyuma yangu," mume wangu akajibu, na watu wakacheka zaidi.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye boksi, mikono imechafuka mpaka viwiko, na hofu yangu ikatoka kama hasira, maana hofu yangu haijui mlango mwingine. Nikamwinulia ile plagi mbele ya watu wote.

"Hii nini? Ulifundishwa kubonyeza wimbo ukiisha, siyo kila unapojisikia! Wimbo ukiisha! Kabla ya hapo mkono wako usiguse pampu, umenisikia?"

Mume wangu akaitazama plagi, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza katika safari ile hakunitania.

"Sawa, Meneja," akasema. "Wimbo ukiisha tu."

Siku iliyofuata nilipita barabara kuu nikiongozana na shoga yangu, mke wa Ndevu, kila mmoja na gari lake. Tulifika mapema. Nikasimamisha stendi, nikatandika boksi, nikajaza beseni maji ya kunawa, nikaanika soksi zake kwenye kioo cha gari zipate jua. Waendeshaji wakaanza kuingia mmoja mmoja, wamejaa vumbi, meno tu ndiyo yanaonekana. Ndevu akaingia. Kwa kawaida mume wangu humfuata Ndevu kwa karibu, macho kwenye taa yake ya nyuma, na ndiyo maana hajawahi kupotea kona. Siku hiyo nyuma ya Ndevu palikuwa patupu.

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Alibaki nyuma kidogo, shemeji. Nilidhani anabadilisha plagi."

Mama Mkwe aliingia wa mwisho kabisa. Mume wangu alikuwa amekaa mbele na dereva, mikono mapajani, na pikipiki yake imefungwa kamba kule nyuma.

"Imenoki, mama," dereva akaniambia kwa upole, huku akifungua kamba. "Pole sana."

Mume wangu akashuka. Akavua glavu zake, akazikunja, akazitia kwenye mfuko wa koti. "Nilifanya ulivyosema," akaniambia. "Naapa. Sikugusa pampu kabla wimbo haujaisha."

Nikafungua plagi. Ilikuwa kavu, nyeupe kama chokaa. Nikafungua tangi la oili, nikakuta oili iko pale pale nilipoijaza asubuhi, haijapungua hata kijiko. Nikaweka kiganja juu ya mdomo wa tangi kabla Ndevu hajachungulia, nikarudisha kifuniko, nikakaza.

"Pampu imeziba," nikamwambia Ndevu. "Nisaidieni tufungue silinda, jua bado lipo."

Kumaliza kulishakufa hapo. Alama zilikuwa zimekwenda na maji, kama mwaka ule na mwaka mwingine. Lakini kesho yake ilikuwa siku ya mwisho, na nikajiambia basi angalau hii moja aiendeshe yote, aingie getini kwa magurudumu yake, watu wampigie makofi. Ndivyo matumaini yanavyokuwa kwa watu kama sisi. Unaanza na shati zima, unaishia kushika kola.

Tulikuwa na pistoni ya akiba ndani ya gari. Ndevu akavuta silinda, mimi nikaanza kuisugua kwa msasa, na shoga yangu akaleta chai. Mume wangu alikaa kwenye kiti cha plastiki, amebadilisha nguo, amenawa, ametulia. Nikamwomba, kana kwamba nafanya mzaha, aniimbie wimbo wangu wakati nafanya kazi.

Akaimba. Sauti yake bado ni nzuri. Kijana akaja karakana, akaagiza kigoda. Kijana akarudi, akaagiza kitanda. Kisha, bila kusita, bila kupepesa jicho, kijana akaja karakana akaagiza kigoda. Akarudi, akaagiza kitanda. Akaja tena, kigoda. Alikuwa anaimba kwa raha kabisa, vidole vikipiga kwenye goti, na wimbo haukuwa na mwisho. Nilibaki nimeshika pistoni nikisubiri aniombe kwa baba yangu. Hakunifikia.

Shoga yangu aliacha kumimina chai. Ndevu akainamisha kichwa, akajifanya anatafuta spana ambayo alikuwa ameishika.

"Inatosha, mume wangu," nikasema. "Nenda kapumzike."

Akaondoka akiimba kigoda. Alipoingia ndani, shoga yangu akanisogelea.

"Mumeo ana nini?"

"Ana mimi," nikamjibu. "Hiyo peke yake ni mzigo wa kutosha."

"Usinitanie. Lazima umwambie mkuu wa msafara."

"Nimwambie nini? Kwamba mzee kasahau ubeti? Wewe mumeo anasahau hata siku yako ya kuzaliwa, mbona hatujamnyang'anya pikipiki?"

"Huyu si wa kusahau siku ya kuzaliwa, na wewe unajua."

Nilijua. Nilijua kuliko wote, na hata hivyo nikampa shoga yangu vidonge vyake. Nikamwambia ajishughulishe na ndevu za nyumbani kwake. Nikasema maneno ambayo shoga wa mwaka mmoja asingenisamehe, na yeye kwa bahati ni wa miaka mingi. Ndevu ndiye aliyetuachanisha.

"Shemeji," akasema, "kesho ni nusu siku tu. Nitaenda polepole. Yeye afuate taa yangu kama kawaida, mpaka getini. Ila hiyo oili ndiyo sijui tutafanyaje. Siwezi kumbonyezea pampu nikiwa mbele."

Oili niliishughulikia mimi. Kwenye misumeno ya mota ya kukatia miti, oili inachanganywa na petroli moja kwa moja, kwa hiyo injini inakunywa vyote pamoja na hakuna haja ya pampu. Nilichanganya kwenye dumu, nikatikisa, nikajaza tangi la petroli mpaka shingoni. Nilijaza kupita kiasi cha nusu siku, maana sikutaka akwame kwa kitu kidogo kama petroli. Abonyeze asibonyeze, aimbe asiimbe, injini ingepata chakula chake. Tulipoiwasha kuijaribu ilinguruma vizuri kuliko siku zote. Nilijiona mjanja, wallahi. Nilijipongeza mwenyewe pale uani, na mikono yangu iliyojaa grisi.

Asubuhi mume wangu aliamka mwepesi. Alinyoa ndevu bila kujikata, akavaa koti lake la ngozi, akaniambia koti linanuka kuliko mimi. Nilicheka kwa sauti, kwa sababu lilikuwa tusi lake mwenyewe, la siku zote, na lilitoka sawasawa. Nikamfunga kamba za kofia chini ya kidevu.

"Leo unamfuata Ndevu. Umeelewa? Popote anapokwenda."

"Hata chooni?"

"Hata chooni. Tukutane getini."

"Tukutane getini, Meneja." Simu yake aliniachia mimi, kama siku zote. Huwa anasema pikipiki ya kale inaona wivu. Akapiga kiki mara moja tu, ikawaka. Nilimtazama mpaka alipokata kona nyuma ya taa nyekundu ya Ndevu, kisha nikapanda gari langu nikapita barabara yetu.

Geti la mwisho lilikuwa nguzo mbili za chuma na kitambaa, mbele ya uwanja wa mpira. Kulikuwa na meza, vipaza sauti, watoto wa shule wameletwa kupunga mikono. Nilitafuta nafasi ya mbele. Shoga yangu alikuja kusimama pembeni yangu, nikamsogezea nafasi, na tukawa tumepatana.

Waliingia. Kila mlio uliposikika kwa mbali nilinyoosha shingo, na kila mara ulikuwa mlio wa mtu mwingine. Wanawake wakakimbia kuwakumbatia waume zao, mwanamume mmoja akambeba mkewe aliyeendesha pikipiki ya magurudumu matatu njia nzima. Kisha mfululizo ukakatika. Uwanja ukaanza kupungua watu, na walimu wakawapanga watoto waondoke. Nikasikia injini nzito, nikaona Mama Mkwe anakuja taratibu, na sitaki kudanganya, nilifurahi. Nilijua amempakia. Nikasema moyoni, potelea mbali geti, potelea mbali makofi, mume wangu yuko mle mbele na dereva, mikono mapajani.

Aliyeshuka alikuwa Ndevu.

"Cheni ilikatika," akasema. Alikuwa anatazama kila upande wa uwanja. "Nilisimama pembeni. Tukutuku akanipita. Nilimpigia kelele asimame, shemeji, nilikimbia hata kidogo nyuma yake. Akanipungia mkono. Injini ilikuwa inaimba, sijawahi kuisikia inaimba vile. Nikasema, si kitu, lori litamkuta mbele." Kisha akanigeukia. "Hajafika?"

Dereva wa lori alisema hakumwona mtu mwingine yeyote njiani. Mkuu wa msafara akaja na redio yake, akaita huku na huku, akaniambia nisiwe na wasiwasi, labda amesimama mahali, pikipiki za zamani ndivyo zilivyo, lazima zisimame. Lakini pikipiki yetu leo haikuwa na sababu ya kusimama. Miaka yote injini ile ilikuwa inamkatalia mahali fulani, na alipokataliwa alikaa akasubiri, na lori likamkuta. Mimi ndiye niliyehakikisha kwamba leo haitamkatalia.

Nilimwambia mkuu wa msafara kila kitu, pale pale, kwa maneno machache. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alituma magari mawili, na mimi sikuyasubiri.

Niliingia kwenye barabara ya waendeshaji kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Ni nzuri. Alikuwa akinisimulia kila jioni na mimi namsikiliza nusu nusu, huku nasugua plagi: miti iliyoinamiana, daraja jembamba la mawe, mbuzi wanaolala katikati ya lami. Nilipita vyote nikiwa nimekanyaga mafuta mpaka chini. Kwenye njia panda ambako msafara unapinda kushoto kuja mjini, hakuna kibao. Ukiwa unafuata taa ya mtu, unapinda. Usipokuwa na taa ya kufuata, barabara yenyewe inakwenda mbele, pana na iliyonyooka, inakukaribisha. Nikaenda mbele.

Kwenye kituo cha mafuta mfanyakazi alimkumbuka. "Yule mzee wa pikipiki ya kizamani? Alipita zamani. Tulimpungia wote. Alikuwa anaimba." Kwenye machimbo ya mawe wakasema hivyo hivyo, na kwa mama anayeuza ndizi barabarani hivyo hivyo. Kila mtu alimpungia mkono. Hakuna aliyeona sababu ya kumzuia mtu mwenye furaha. Nyumba zikaisha, mashamba yakaisha, kukabaki majani na nguzo za simu, na jua likawa limeshuka linanipiga machoni. Nilijaza kupita kiasi, nilikuwa najiambia, nilijaza mpaka shingoni.

Nilimwona kwanza kama doa kando ya barabara. Alikuwa amesimamisha pikipiki kwenye stendi yake vizuri, amevua kofia, amekaa kwenye jiwe. Midomo ilikuwa imemkauka na uso umeungua jua. Lakini alikuwa mzima. Niliegesha gari nyuma yake, nikashuka, nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikawa namwendea huku matusi yote ya mapenzi niliyoyajua yananisonga kooni yasijue lipi litangulie.

Aliposikia hatua zangu akasimama kwa adabu, akapangusa vumbi kwenye suruali.

"Habari za jioni, mama," akasema.

Nilisimama hapo hapo nilipokuwa.

"Nzuri," nikasema.

"Samahani kama nimekufanya usimame. Petroli imeniishia tu, si jambo kubwa. Mke wangu yuko njiani na gari." Akatabasamu kidogo, tabasamu la kumwomba mgeni radhi. "Hachelewi huyo. Ana mdomo mrefu, lakini hachelewi."

Nilitazama macho yake. Yalikuwa yanatazama uso wangu kama unavyotazama uso wa mtu dirishani benki, kwa heshima, bila kutafuta kitu. Nikasema neno la kwanza lililonijia.

"Ulikuwa kwenye ule msafara? Umemaliza?"

Akafikiri. Nilimwona anafikiri, anatafuta kila kona ya kichwa chake, kama mtu anayepapasa mifuko.

"Sijui, mama," akasema. "Sikuona geti. Labda nimelipita."

Nilimletea maji kutoka kwenye gari. Akanywa chupa nzima, akashukuru, akafunga kifuniko kwa uangalifu. Kisha akatazama barabara nilikotokea, kuhakikisha hakuna gari lingine linalokuja, akanisogelea na kushusha sauti.

"Nikuombe kitu kimoja. Akifika mke wangu, usimwambie kwamba nilipotea. Wewe sema petroli iliisha, basi. Kichwa changu siku hizi hakiko sawa, na yeye hajui. Mwaka mzima nimemficha. Namfanyia utani ili asishtuke." Mkono wake ukashika mkono wangu kwa sekunde moja, kama mtu anavyomshika mgeni anayemwomba hisani. "Akijua atalia, na mimi sijawahi kuweza kumwona akilia."

Niligeukia gari, nikajifanya naangalia matairi.

"Sitamwambia," nikasema.

Akashukuru tena. Akanipisha nafasi kwenye jiwe, nikakaa, tukawa tunamsubiri mke wake.